Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Nilitaka kuanza kwa salamu na dua kama ulivyonifundisha, lakini neno hili linanichomoka mdomoni kila siku, na leo kalamu nayo imekataa kungoja. Nimeolewa, Baba, na mwanamume mwenyewe ulimjua kabla yangu. Ni Yusufu. Ndiyo, Yusufu wako, mwanafunzi wako wa cherehani, yule uliyemwita Kashoto kwa sababu alikata kitambaa kwa mkono wa kushoto. "Kashoto, mkasi huo umetengenezewa watu wa kulia, siku moja utakukata." Haujamkata mpaka leo. Mimi ndiye niliyekatwa, Baba, na sijapona, wala sitaki kupona.

Najua ungejifanya kushangaa, ungevua miwani na kuuliza, "Yusufu yupi?" Lakini ulikuwa ukinituma dukani na chai hata siku ambazo birika lako lilikuwa limejaa. Sasa naelewa. Asante kwa chai zile zote.

Harusi tuliifanya mchana kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Dufu zilipigwa kwa haraka, zikanyamaza kabla ya magharibi, na wageni wakaondoka mbiombio kama watu waliokuja kuiba pilau. Yusufu alijishonea kanzu mwenyewe, na shingoni akatarizi yale maua madogo uliyokuwa ukiyatarizi wewe peke yako. Mama alipoyaona alilia, mimi nikalia, mpaka wanja ukanichafua shela. Shela hiyo nitakueleza ilipoishia. Usicheke kwanza.

Tumepanga hapa hapa Kigali, Kimisagara, vyumba viwili. Cha mbele ndicho duka. Cha nyuma ndiyo pepo yangu. Nikimwangalia mume wangu akila nasahau kula. Akitoka kwenda sokoni Nyabugogo kununua uzi nasimama mlangoni mpaka majirani wananiita bibi harusi kwa Kinyarwanda chao na kunitania, "Umugeni, bwana yako iko anarudi, hajapanda ndege." Cherehani yako ndiyo anayoshonea. Mama yuko Gatsata kwa mama mdogo, anasema barabarani kila siku wanapita watu wa kaskazini wamebeba magodoro kichwani, wanakimbia vita. Hataki kuhama tena. Anakusalimu. Hasemi hivyo, lakini kila akitaja jina lako anajifunga kanga upya.

Leo ni siku ya kwanza ya Ramadhani, Ramadhani ya pili bila wewe. Nimekaa kwenye meza yako ya kukatia na ninaandika, lakini siwezi kutulia. Naandika mstari, nasimama, nachungulia dukani kama Yusufu yupo. Yupo. Narudi, naonja chumvi ya maharage, nasahau kama nimeonja, naonja tena. Samahani, Baba, kuna mambo binti hamwambii baba yake, lakini leo mimi sifungi. Umeelewa. Na kutofunga kwangu leo ndiko kulikonisaidia, kama utakavyoona.

Kikohozi kilianza siku za mwanzo kabisa za ndoa yetu. Bila shaka kilikuwapo hata kabla, lakini mchumba hakohoi mbele ya mchumba wake. Huenda nyuma ya nyumba, akakohoa huko, akarudi akitabasamu. Mume hana pa kwenda. Usiku niliweka mkono mgongoni kwake nikausikia mwili wake ukitikisika, na mkono wangu ulikijua kikohozi kile kabla ya masikio. Jasho lile lile la alfajiri. Mashati yale yale yanayozidi kuwa makubwa.

"Ni vumbi," aliniambia.

Neno lako, Baba. Nilimtazama nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amejifunza kwako mambo mengi kuliko kushona.

Nilimbembeleza. Nilimnunia. Nilimpikia vitu anavyopenda, na kabla hajameza tonge la mwisho nikamwambia kesho twende kituo cha afya. Alikwenda ili nimwache ale kwa amani. Huko kuna nesi anaitwa Vestina, mama mnene mwenye sauti ya shangazi anayefukuza kuku jikoni. Alimpa Yusufu kikopo. Yusufu, mwenye haya zake, akatema mate kidogo akarudisha. Vestina akachungulia. "Weye fundi, hiki ni nini? Mate ninayo yangu. Mimi nataka kitu cha kutoka chini kabisa, unakohoa mpaka unamkumbuka bibi yako!" Benchi zima lilicheka, hata wale wenye homa.

Majibu yalipotoka hakuna aliyecheka. Igituntu, alisema Vestina kwa Kinyarwanda, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili asiache nafasi ya sisi kujidanganya. Kifua kikuu. Yusufu alikuwa ameshika kofia yake mapajani, akawa anaizungusha, anaizungusha, kama anatafuta pindo lililofumuka. Nilijua anamwona nani. Hata mimi nilikuwa nakuona.

Vestina alinipima na mimi. Kifua changu ni safi, alhamdulillahi. Kisha akasema atakuja kuona tunapoishi, na alikuja kweli, amevaa viatu vyeupe, akipita kwenye matope ya bondeni huku akiwagombeza watoto wasicheze kwenye mtaro.

Nilikuwa nimejiandaa, Baba. Nilikuwa nimefanya kama tulivyokufanyia wewe. Unakikumbuka kikombe chako cha bati, cha buluu, ambacho Mama alikizungushia uzi mwekundu kwenye mshikio ili mtu asikosee? Ulipokufa hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukitupa. Mama alipohamia Gatsata alikiacha kwangu. Basi nikampa Yusufu kikombe hicho. Nilikiweka peke yake kwenye kirago, mbali na vyombo vingine, na kila nikikiosha nilikiosha kwa maji ya moto, huku nalia. Nilimwonyesha Vestina nikitegemea kusifiwa.

Alikichukua. Akajimiminia maji mtungini. Akanywa, Baba! Kwenye kikombe chako! Akajifuta mdomo, akauliza uzi ule ni wa nini. Nikamweleza kila kitu: wewe, duka la zamani, kikombe, na jinsi hakuna aliyewahi kukosea hata siku moja. Aliangalia dirisha letu, ambalo lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa gunia.

"Na huko kwa mzee dirisha lilikuwa hivi?"

Hivyo hivyo, nikamwambia. Fundi wa kanzu atafungua dirisha vipi, vumbi jekundu la barabara likipeperuka juu ya kitambaa cheupe?

"Yampayinka!" alimaka. "Mlimtenga mzee wa watu na kikombe chake, halafu mkajifungia naye ndani ya chupa. Mwanangu, kikombe hakikohoi!"

Nimekuwa nikiisikia sentensi hiyo tangu siku ile. Naisikia nikifagia. Nakuona umeinama juu ya cherehani, Yusufu pembeni yako akikata, na Mzee Hamadi, rafiki yako muuza udi, kwenye kigoda chake karibu na mlango, akisimulia uongo wake wa Ujiji. Taa inawaka mchana kwa sababu ya gunia. Mimi naingia na chai, mlango unabaki wazi kidogo, na wewe unaniita kwa jina la utani ulilonipa, "Kitufe! Vumbi halina adabu, funga!" Nami nafunga, na Mzee Hamadi anaangalia vizuri asije akashika kikombe chenye uzi. Tulikuwa waangalifu sana. Tulijisifu kwa uangalifu wetu. Na siku zile nyumbani kwetu hakuja mtu mwenye viatu vyeupe kutuambia kwamba unachokimbia kwenye kikombe unakivuta kwa pua.

Vestina alitaka dirisha liwe wazi mchana kutwa. Yusufu alitaka kanzu ziwe nyeupe. Walibishana mpaka nikachoka. Nikaingia chumba cha nyuma, nikatoa shela yangu ya harusi, nikaikunja mara kadhaa, nikaipigilia misumari dirishani. Hewa inapita. Vumbi linabaki kwenye shela. Yusufu alisimama na sindano mdomoni, na Vestina akapiga makofi. Mama alipokuja na kuona shela ya mwanawe inaning'inia dirishani kama kichujio cha maziwa, alikaa chini. "Bado hata hujazaa nayo," alisema. Sijui mtu anazaaje na shela. Sasa imekuwa nyekundu, naifua kila Ijumaa, naipigilia tena, na hakuna bibi harusi Kigali nzima aliyeivaa shela yake muda mrefu kuliko mimi.

Dawa zilianza. Kila asubuhi Yusufu anapanda mpaka kituoni, anachomwa sindano, anameza vidonge mbele ya Vestina, na Vestina anamwambia afungue mdomo ainue ulimi, kama mtoto aliyeiba sukari. Siku ya kwanza alirudi kutoka chooni akiwa amekufa kwa hofu, kwa sababu mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi. Alitaka tuandike wasia. Nilipomkimbilia Vestina alicheka mpaka akashika ukuta: ni rangi ya dawa, alikuwa amemwambia, lakini fundi alikuwa anaangalia pindo la koti lake badala ya kusikiliza.

Na dawa zinafanya kazi, Baba! Jasho limekauka. Mkanda umerudi kwenye tundu lake la zamani. Juzi alinibeba kutoka mlangoni mpaka kitandani bila kukohoa, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kwa sababu hata wewe ulipata nafuu hivyo. Ulinenepa, ukaimba, ukarudi kugombana na Mzee Hamadi. Kisha Ramadhani ikaingia, msimu wa kanzu za Idi, duka limejaa weupe mpaka kwenye dari, ukasema mbele yetu sote kwamba huwezi kuonekana ukimeza vidonge mchana, mtu mzima, fundi wa kanzu za msikitini. Dawa zingengoja Idi. Tulikuona umepona, tukasema sawa. Idi ilifika, hukurudi kituoni, na kikohozi kilipokuja tena kilikuja na damu. Dawa zile zile uliporudishiwa ugonjwa haukuzisikia tena.

Wiki iliyopita Yusufu alikuwa anakata kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu alifunga. Mimi ni nani nisifunge?"

Nilimwambia mgonjwa ana ruhusa. Anajua. Alisoma chuo cha Kurani kuliko mimi, na angeweza kunisomea hukumu yenyewe na jinsi atakavyolipa siku zake akipona. Niliuliza kama hawezi kupewa vidonge vya kumeza wakati wa daku. Vestina alikataa: sindano hazichomwi alfajiri, na hakuna atakayekwenda nyumba kwa nyumba kuangalia ndimi. Lakini tatizo la Yusufu halikuwa hukumu. Tatizo lilikuwa Mzee Hamadi. Siku hizi kigoda chake kipo kwenye kibaraza mkabala na duka letu, njia ya kwenda kituoni inapita mbele ya magoti yake, na kitu kikipita mbele ya magoti ya Mzee Hamadi asubuhi, mchana kiko Nyabugogo. "Watasema kanzu za Idi zimeshonwa na mtu anayekula mchana," Yusufu alisema. "Na wakiuliza kwa nini ninakula, watajua ninaumwa nini. Nani atavaa kanzu yangu?"

Sikulala vizuri tena. Nilikasirika, Baba, nilimkasirikia mume wangu mpya kwa mara ya kwanza, na nilipomkasirikia nilimpenda zaidi, ikawa vurugu tupu. Nilifua vitu visafi. Nilihamisha kabati, nikairudisha.

Leo tulikula daku pamoja, mimi kwa kumsindikiza tu. Jua lilipotoka nilimsubiri avae viatu. Hakuvaa. Alikaa kwenye cherehani yako, akaweka kitambaa, na miguu ikaanza kukanyaga. Sauti ile! Nilidhani mwanzo nitalia, lakini kilichonijia ni hasira. Nilikwenda kwenye kirago nikachukua kikombe chako, nikakijaza maji, nikasimama mbele yake, nikanywa mpaka tone la mwisho.

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alitazama kikombe, akatazama mlango kama Mzee Hamadi anaona.

"Yusufu," nilimwambia, "kila Ramadhani Mungu anatupa sisi wanawake siku zetu za kula. Tunakula, tunalipa baadaye, na hakuna anayetuita makafiri. Na wewe umepewa zako. Au unajiona mwanamume sana kwa Mungu?"

Sijawahi kusema naye hivyo. Aliniangalia, kisha mdomo wake ukacheza upande mmoja, unaujua, wa kushoto. "Weye," alisema, "baba yako alikuwa anajua ulivyo?" Akavaa viatu.

Sikumwachia kikombe akifiche. Nilikishika mimi mkononi, kimejaa maji, uzi mwekundu ukionekana, tukatoka. Na kama nilivyotegemea, Mzee Hamadi alikuwa kwenye kigoda chake, tasbihi mkononi, akihesabu dhambi za wapita njia.

"Fundi! Na kikombe mchana wa Ramadhani?"

Nilifungua mdomo nijibu. Yusufu alinishika kiwiko.

"Ninakwenda kunywa dawa, mzee," alisema. Kwa sauti, Baba, si ya kunong'ona. "Ninaumwa alichoumwa mwalimu. Yeye aliiacha dawa katika Ramadhani kama hii. Mimi siiachi. Kanzu yako utaipata kabla ya Idi, na kama hutaki kuivaa niambie mapema nimpe mwenye mwili kama wako."

Nilisubiri mdomo ule. Nilisubiri dhihaka yake, nilisubiri mtaa mzima ugeuke. Mzee Hamadi aliangalia kikombe. Alikitambua. Alikaa nacho chumba kimoja miaka yote ile, akikikwepa kwa adabu.

"Hicho ni cha marehemu," alisema.

"Ndicho."

Alisokota tasbihi kwenye kidole. Kisha akakohoa, Baba. Kikohozi kidogo, cha kufichwa, cha mtu aliyezoea kukimeza pamoja na tangawizi. Na safari hii hakukimeza vizuri, kikaja chote, kikamwinamisha mpaka kofia ikaanguka. Yusufu aliiokota, akamvika.

"Tangu lini, mzee?" nilimuuliza.

"Ni vumbi tu," alisema. Tukamwangalia wote wawili. Akainamisha kichwa. "Tangu mvua za mwaka jana." Halafu, kama mtu anayelalamikia bei, "Huyo nesi wenu, nasikia ana mdomo mchafu. Anapima na wazee?"

Tulipanda mlima pole kwa pole, watatu, mimi mbele na kikombe chako, na watu wakatazama, na watazame. Mzee alisimama kila baada ya nyumba chache akijifanya anasalimia. Kituoni Yusufu alichomwa, akameza vidonge kwa maji ya kikombe chako, akainua ulimi bila kuambiwa. Mzee Hamadi alipewa kikopo, akatema mate kidogo, na Vestina akaanza upya kuhusu bibi yake. Mimi nilicheka peke yangu ukutani, machozi yakinitoka.

Majibu yake bado. Naogopa kwa ajili yake, na kila nikifikiri nawakumbuka watu wengine waliokalia kigoda kile dukani kwako. Naogopa pia kesho, kwa sababu leo Yusufu alikwenda kwa hasira zangu, na sijui kesho atakwenda kwa nini. Naogopa barabara zikifungwa kabisa, kwa kuwa Vestina anasema dawa zinakuja kwa lori kama viazi. Miezi imebaki mingi. Ndiyo maana nasimama na kukaa.

Lakini sikiliza, anashona. Dirisha liko wazi na shela inapumua, inaingia ndani, inatoka nje. Sasa hivi upepo umepiga barabarani, vumbi limesimama, na amepaza sauti kutoka dukani, kwa sauti yako hasa: "Mke wangu, vumbi!" Sijainuka kufunga. Amengoja. Kisha nimesikia akicheka mwenyewe, na cherehani ikaendelea.

Lala, Baba. Lala bila kukohoa. Nakuahidi kila asubuhi nitapanda naye mlima ule, akiwa amefurahi au amenuna, mpaka siku Vestina mwenyewe atakapotuambia tusirudi. Kikombe nimekiosha kwa maji baridi, kama vyombo vingine, nikakirudisha kabatini katikati ya vyetu. Uzi sikuutoa. Jioni hii tukifuturu nitakinywea mimi chai, na Yusufu, na Mzee Hamadi akija.

Ni mimi, anayekupenda na asiyefunga dirisha,

Kitufe wako